Utafiti wa ubaba: maabara, nyumbani na mahakamani

Mwanafunzi wa uzamili akileta andiko la utafiti lenye kichwa kama "Ukweli kuhusu ubaba wa watoto nchini", msimamizi aliyezoea kazi hii humrudishia swali fupi kabla ya kumpa orodha ya vitabu: ukweli upi? Mtaalamu wa vinasaba, mtafiti wa maisha ya familia na mwanasheria, wote watatu wana tafiti nzito kuhusu baba wa mtoto. Anayezisoma kana kwamba zote zinapima kitu kimoja ataandika tasnifu ambayo kila mtahini ataikataa kwa sababu yake mwenyewe. Maabara inauliza mbegu ilitoka kwa nani. Mtafiti wa familia anauliza nani alitoa mahari, mtoto analala kwa nani, anatumia jina la nani. Mahakama inauliza wajibu ni wa nani na ushahidi uliopo unatosha kiasi gani. Mtoto mmoja anaweza kupata majibu matatu tofauti, na yote matatu yakawa sahihi.

Tuanze maabara, maana ndiko wengi wanakoamini hakuna ubishi.

Kazi huanza na kijiti cha pamba kinachosuguliwa upande wa ndani wa shavu kwa karibu nusu dakika, kisha shavu la pili kwa kijiti kingine. Mtoto anayenyonya asubiriwe kama saa moja baada ya kunyonya na afutwe mdomo, la sivyo chembe za mama zitaingia kwenye sampuli. Kijiti kikaushwe hewani, halafu kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huleta ukungu na bakteria ambao huvunja vinasaba. Juu ya bahasha huandikwa jina au namba ya siri, tarehe, saa na jina la aliyechukua sampuli. Bahasha hufungwa kwa lakiri, na kila mkono unaoipokea husaini. Mashine za siku hizi hukosea mara chache sana. Balaa nyingi hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine, pale bahasha mbili zinapobadilishana au kitambulisho cha mtu kinapokosa kukaguliwa. Ndiyo maana wakili makini, akitaka kupinga matokeo, haanzi na kemia. Anaomba kuona saini za makabidhiano.

Ndani ya maabara husomwa sehemu za DNA ambazo kipande kifupi hujirudia mara kadhaa, na idadi ya kujirudia hutofautiana baina ya watu. Kila sehemu ya namna hiyo huitwa alama. Kila mtu ana namba mbili kwa kila alama, moja ya mama na moja ya baba. Mtoto akiwa na 12 na 15, na mama yake 12 na 14, basi 15 imetoka kwa baba. Mwanamume mwenye 15 na 17 bado yumo, na mwenye 9 na 11 halingani na mtoto kwenye alama hiyo. Vifaa vinavyotumika sana sasa husoma alama 15 hadi zaidi ya 20 kwa mpigo mmoja.

Hapa ndipo kosa la kwanza la msomaji mgeni linapotokea: anaona alama moja isiyolingana na kuandika kwamba mwanamume huyo si baba. Namba hizi hubadilika zenyewe mara chache zinaporithishwa, takribani mara 1 hadi 3 katika kila elfu kwa alama moja. Ukisoma alama 20, katika kila mia ya akina baba wa kweli watapatikana wachache wenye alama moja iliyoruka. Kwa hiyo maabara kwa kawaida husubiri kutolingana kwa alama mbili au tatu kabla ya kumtoa mtu, na alama moja ikigoma huongeza alama nyingine za kupima.

Kosa la pili ni kuichukua asilimia ya kwenye cheti kama kitu kilichoonekana kwa darubini, wakati ni hesabu. Tuseme ile namba 15 hupatikana katika asilimia 10 ya nakala zote za alama hiyo katika jamii husika. Mwanamume mwenye 15 na 17 angempa mtoto 15 kwa nafasi ya 0.5, na mwanamume mwingine yeyote kwa nafasi ya 0.1. Gawanya 0.5 kwa 0.1 upate 5, ndicho kielezo cha ubaba kwa alama hiyo. Alama ya pili, yenye namba adimu ya 0.05, inatoa 10. Vielezo huzidishwa, kwa hiyo tumefika 50. Ukianza kwa kudhani nafasi ni nusu kwa nusu, kama maabara nyingi zinavyofanya, 50 inageuka kuwa 50 kwa 51, yaani asilimia 98. Ukianza kwa kudhani nafasi ni 1 kati ya 10, vielezo vilevile vinatoa karibu asilimia 85. Kwa alama 15, kila moja ikitoa 5, zao linapita bilioni 30 na dhana ya mwanzo haina uzito tena. Kwenye sampuli iliyoharibika, iliyotoa alama nne au tano tu, dhana hiyo ina uzito mkubwa, na ripoti inayoificha haifai kunukuliwa.

Tazama pia ile asilimia 10 ilitoka wapi. Kama jedwali la maabara limejengwa kwa damu za watu wa bara jingine, na huko namba 15 ni asilimia 2 tu, kielezo kinapanda kutoka 5 hadi 25 bila ushahidi wowote kuongezeka. Mtafiti wa Afrika Mashariki anayenunua programu ya hesabu aulize kwanza jedwali la watu gani limo ndani yake. Tena hesabu yote hii inamlinganisha mtuhumiwa na mwanamume asiye na undugu naye. Kama anayeshukiwa ni kaka yake, maabara lazima iambiwe mapema, na ikiwezekana wapimwe wote wawili. Mapacha wa kufanana hawatenganishwi kabisa na kipimo hiki cha kawaida.

Sasa jambo linaloharibu tafiti nyingi kuliko yote: nani aliyefika maabara. Mara kwa mara husikika takwimu kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopimwa si baba wa watoto waliowapeleka, na siku ya pili yake mitaani inasemwa kwamba sehemu hiyohiyo ya watoto wote nchini ni ya kusingiziwa. Wanaopimwa si wananchi wote. Ni watu walio na shaka, walio kwenye mgogoro wa matunzo, au walioagizwa na mahakama. Tanzania Bara vipimo hivi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia vyombo kama mahakama, ofisi za ustawi wa jamii na mawakili, kwa hiyo hata kabla ya kijiti kugusa shavu kundi limeshachujwa. Mwanaanthropolojia Kermyt Anderson alikusanya tafiti nyingi za namna hii mwaka 2006 na kuzigawa kwa kiwango cha imani ya mwanamume. Kwa wanaume waliokuwa na imani kubwa na ubaba wao, wasiokuwa baba walikuwa karibu asilimia 1.7. Kwa wenye shaka, walikaribia asilimia 30. Kipimo ni kilekile, watu ndio tofauti. Tasnifu inayotaja asilimia ya waliopimwa bila kusema walipatikanaje irudishwe ilikotoka.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukadai kwamba asilimia ndogo ni sheria ya dunia nzima. Mwaka 2020 Brooke Scelza na wenzake walichapisha utafiti wao kwa Wahimba, wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Namibia, wakakuta asilimia 48 ya watoto walizaliwa na mwanamume asiye mume wa mama. Haukuwa uchunguzi wa kufumania mtu. Wenyeji walishirikishwa katika kuupanga, na sampuli zilifichwa majina pande zote mbili ili aliyeko kijijini asijue majibu na aliyeko maabara asijue watu. Jambo la maana zaidi kwetu ni kwamba wazazi wenyewe, wanaume na wanawake, walikuwa wanajua kwa usahihi mkubwa ni mtoto yupi. Kwao mume ndiye baba, na maabara haikuwaambia jipya.

Hapo tumeshaingia nyumbani, na huku vifaa ni dodoso, daftari na subira. E. E. Evans-Pritchard aliyechunguza Wanuer wa Sudan Kusini alionyesha kwamba mwanamume akifariki bila mtoto, ndugu yake huoa mke kwa jina la marehemu, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Karibu zaidi nasi, kwa Wakurya wa Mara kuna nyumba ntobhu. Mwanamke, mara nyingi aliyekosa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mwanamke mwenzake. Mwanamume anayezaa na huyo mke huchaguliwa au hukubaliwa, lakini watoto ni wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Dodoso lenye kisanduku kimoja cha "jina la baba" hufa mlangoni kwenye nyumba ya namna hii. Mhojaji aliyechoka ataandika "hayupo" au "hajulikani", na takwimu za watoto wasio na baba zitaongezeka kwa kosa la fomu.

Kinachofanya kazi ni kulivunja swali hilo vipande. Uliza, kila moja kwa mstari wake: mahari ilitolewa na nani na ilikamilika? Mtoto alilala nyumba gani usiku wa jana? Nani alilipa michango ya shule muhula uliopita? Jina la ukoo analotumia ni la nani? Akiugua usiku anaitwa nani? Shamba atalipata upande gani? Mwanamume aliyezaa naye, kama anatajika, aulizwe mwisho na kwa hiari. Majibu ya maswali haya mara nyingi hayamwangukii mtu mmoja, na hiyo ndiyo data yenyewe. Usiyalazimishe yalingane wakati wa kuingiza kwenye kompyuta. Tumia safu tofauti kwa kila jukumu.

Mambo mengine ni ya kazi ya shambani tu. Mhojiwa asiulizwe mbele ya mama mkwe. Mhojaji asitoke kijiji hichohicho, maana atakuwa na majibu kabla ya maswali. Swali lihusu kipindi kinachokumbukika, kama muhula uliopita au mavuno yaliyopita, kwa kuwa "kwa kawaida nani hulipa" huleta jibu la heshima badala ya jibu la kweli. Na kaya huhesabiwa kwa wanaokula chungu kimoja, kwa hiyo baba aliyeko Mererani au Muscat akituma fedha kila mwezi hataonekana popote usipomwekea mstari wake.

Sheria nayo ina namna yake, na wanasayansi wengi huisoma vibaya kwa kudhani inasubiri maabara imwambie ukweli. Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotumika huku wakati wa ukoloni na kurithiwa na sheria zetu za ushahidi, ilisema jambo linalokaribiana na hilo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama akiwa hajaolewa tena, ni mtoto halali wa mume huyo, isipokuwa ithibitishwe kwamba wanandoa hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ingeweza kutungwa. Kenya kifungu hicho ni cha 118. Angalia hesabu: wakunga huhesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati kutungwa kwa mimba hutokea kama wiki mbili baadaye. Sheria inahesabu kuanzia ndoa ilipovunjika, hivyo inampa mtoto siku kama 14 za ziada. Imeegemea upande wa mtoto kwa makusudi.

Fiqhi ya Kiislamu, inayotumika katika Mahakama za Kadhi Zanzibar na Kenya, inashika msingi huohuo, kwamba mtoto ni wa firashi, yaani wa kitanda cha ndoa. Muda mfupi kabisa wa mimba huhesabiwa miezi sita kwa kuziweka pamoja aya ya 15 ya Sura al-Ahqaf, inayotaja miezi 30 ya kubeba mimba na kunyonyesha, na aya ya 14 ya Sura Luqman, inayotaja miaka miwili ya kuachisha ziwa. Mume anayemkana mtoto ana njia ya lian, viapo vilivyoelezwa katika Sura an-Nur. Mtafiti atakayepima kesi hizi kwa kigezo cha DNA pekee atakuwa amepima kitu ambacho kadhi hakuulizwa.

Mfano wa pengo hili unatoka California. Mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama lilimtangaza mwigizaji wa filamu Charlie Chaplin kuwa baba wa mtoto ingawa vipimo vya damu vilikuwa vimemtoa: yeye kundi O, mama A, mtoto B. Makundi ya damu yalijulikana tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa majibu hayo B ilipaswa kutoka kwa mwanamume mwingine. Lakini sheria ya jimbo wakati huo haikukifanya kipimo kuwa cha mwisho. Tofauti na hapo, DNA iliingia kwenye sheria kwa mlango wa kumsaidia mtoto: baada ya Alec Jeffreys kugundua alama za vinasaba huko Leicester mwaka 1984, shauri la kwanza kutatuliwa, mwaka 1985, lilikuwa la uhamiaji la familia yenye asili ya Ghana, ambapo ilibidi ionyeshwe kwamba kijana aliyezuiwa kuingia Uingereza ni mtoto wa mama yake kweli.

India inafaa kufuatiliwa kwa kuwa kifungu ni kilekile tulichorithi. Mwaka 1993, katika shauri la Goutam Kundu, Mahakama ya Juu ilisema kipimo cha damu hakiagizwi hivihivi kila mume anapoomba. Mwaka 2014, katika shauri la Badwaik, ilisema kwamba kipimo cha DNA kikishafanyika na kikapingana na dhana ya sheria, kipimo kinashinda. Mwanafunzi anayenukuu hukumu ya pili bila ya kwanza amepotosha. Swali la kama kipimo kifanywe, na swali la kipimo kikishafanywa kina uzito gani, ni mawili.

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairuhusu mahakama kutazama jina lililoandikishwa kwenye vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kukiri mbele ya watu, na matokeo ya DNA. Ni orodha ya busara sana, maana imeweka maabara na nyumbani kwenye meza moja. Kenya, ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au la. Na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa, katika shauri la Katam dhidi ya Chepkwony, ilitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa mila ya Wanandi katika mgogoro wa mirathi, bila kipimo chochote cha mate.

Hukumu hupatikana bure kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law. Soma nzima, si muhtasari. Andika kwanza swali lililokuwa mbele ya jaji, kisha sababu zilizobeba uamuzi, na tenga maneno ambayo jaji aliyasema pembeni tu. Hakikisha kama ilikatiwa rufaa. Halafu kumbuka uchujaji uleule wa maabara: zinazoripotiwa ni kesi zilizofika juu, za watu wenye mali ya kugombea au uwezo wa kupata wakili. Wengi walimalizana kwa mjumbe, kwa wazee au kwa shehe, na hao hawamo.

Imebaki ridhaa, na hapa mtu anaweza kuumizwa kweli. Utafiti wa selimundu unapopima familia nzima, hutokea mtoto anaonyesha SS (kinasaba cha selimundu, S, kutoka kwa kila mzazi), mama AS, na baba AA, yaani asiye na S ya kumpa. Usiandike chochote bado. Angalia kama yeyote kati yao aliongezewa damu miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa damu ya mwingine hugeuza majibu. Rudia kwa sampuli mpya kuondoa uwezekano wa chupa kubadilishana. Fikiria pia kwamba baba anaweza kubeba thalasemia ya beta: mtoto aliyerithi S kwa mama na thalasemia kwa baba huweza kusomeka kama SS kwenye kipimo cha kawaida. Yote hayo yakiondolewa, jibu la undugu bado halikuwa sehemu ya swali la utafiti.

Fomu ya ridhaa, kabla ya kwenda kwa kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba Tanzania) au ya Zanzibar, na kabla ya kibali cha tume ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, iwe na sentensi inayosema wazi kwamba utafiti huu haupimi undugu na kwamba taarifa za undugu zikijitokeza hazitatolewa kwa mtu yeyote wa familia. Isomwe kwa sauti kwa mama akiwa peke yake, na kwa baba akiwa peke yake. Mtoto mkubwa aombwe ukubali wake mwenyewe. Sampuli ziende maabara kwa namba tu, na daftari linalounganisha namba na majina lifungiwe kwenye ofisi nyingine, kwa mtu asiyeyaona majibu.